Wapambaji wa maharusi Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu wa wateja

Mwanzisha mada, Kigoma mjini

Mwakeye wapendwa. Napamba maharusi hapa Kigoma tangu 2019. Sina saluni, nabeba begi langu na kuwafuata wateja majumbani. Tunafundishana sana kuchora nyusi na kuchanganya faundesheni, lakini kuongea na mteja kabla ya kazi kila mtu anajifunza peke yake, tena kwa machozi. Nianze mimi.

Mwaka wangu wa pili, mama mmoja wa Gungu alinipigia: "Mwanangu, Jumamosi njoo umpambe binti yangu, ni yeye tu." Tukakubaliana 80,000. Advansi sikuomba, niliona aibu kumdai mtu mzima. Jumamosi saa mbili asubuhi naingia sebuleni, nakuta wanawake sita mkekani, wameshanawa uso, wananingoja. Shangazi, dada wawili, wifi, msimamizi na mama mwenyewe. "Hawa wapake kidogo tu, poda na wanja."

Nilishindwa kukataa. Bibi harusi alikaa kitini saa tano na robo, na ndoa ilikuwa saa sita. Gari linapiga honi nje, mkono wangu unatetemeka. Gundi ya kope inatakiwa uisubiri kidogo ianze kunata ndipo ubandike, mimi nikabandika ikiwa bado mbichi. Kope ya kushoto ikateleza. Kwenye picha za kanisani kona yake ya nje imenyanyuka, inaonekana kabisa. Mama akanipa 50,000, akasema nimewachelewesha.

Fedha niliisahau. Zile picha sijazisahau, maana binti wa watu hatazipiga tena.

Sasa hivi, kabla sijataja bei, nauliza: mnapambwa wangapi, mnatoka nyumbani saa ngapi, na anayenilipa ni nani. Hilo la mwisho msilidharau, kuna siku familia inakuelekeza kwa kamati na kamati inakurudisha kwa familia. Tukielewana namwandikia yote kwenye ujumbe wa simu. Nusu ikiingia ndipo naandika tarehe yake kwenye daftari. Bibi harusi namtengea saa mbili zake, hao wengine wanapangwa pembeni ya hizo saa mbili na kila mmoja ana bei yake.

Karibuni.

Mchangiaji wa Ujiji

Asalaam aleykum dada. Mimi kazi yangu kubwa ni hina na piko, uso napamba pia.

Kuna msimamizi wa bibi harusi alitaka piko jeusi tii, tena likauke hapo hapo. Nikafanya kama tulivyozoea wengi wetu, nikachanganya ile rangi nyeusi ya nywele ya unga. Siku ya pili usiku ananitumia picha ya mkono. Ua nililomchora limevimba malengelenge, jani kwa jani, mpaka kikonyo chake. Hospitali wakamwambia ni kemikali ya kwenye rangi ya nywele, inaitwa PPD, kuna ngozi haziivumilii kabisa. Alibaki na alama. Nilikwenda kwao kuomba radhi, nikakaa kwenye kile kibaraza sijui nianzie wapi. Mama yake alinipokea kwa wema, Mungu amlipe.

Tangu hapo ni hina ya majani peke yake. Mteja namwambia mapema: nakuchora siku mbili kabla ya nikah, maana hina ukiitoa inakuwa rangi ya chungwa, halafu inakolea yenyewe siku moja au mbili. Anayetaka nyeusi ya leo leo namwambia bibi, mimi sina. Wapo wanaokwenda kwa wengine. Sawa.

Mchangiaji wa Tabora, Isevya

Mwangaluka. Mimi mtihani wangu ni mkorogo.

Bibi harusi anakuja kufanya majaribio ya mapambo, ngozi yake nzuri ya maji ya kunde. Wiki mbili baadaye namkuta uso mwekundu, mashavu yanabambuka, shingo imebaki ilivyokuwa. Shangazi kamletea kikopo kisicho hata na karatasi ya maelezo "ang'ae kidogo". Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini kikopo hakikwambii kimebeba nini. Nilipomgusa na sponji yenye maji tu, akaruka.

Nilimwambia ukweli, kwa upole, tukiwa wawili chumbani. Mashavu sikuyafukia kwa faundesheni nzito, nilitandaza nyepesi pale palipo pazima, nguvu nikaiweka kwenye macho na midomo. Alininunia. Ndugu zake hawakuniita tena, na kazi mbili nilizokuwa nimeahidiwa zikapotea. Ningerudia vile vile.

Siku hizi onyo la mkorogo nalitoa siku ile ile ya advansi. Na shedi, yaani rangi ya faundesheni inayoendana na ngozi yake, hatuchagulii chumbani kwenye taa. Nampeleka mlangoni kwenye jua, nampaka shedi mbili kwenye taya kushuka shingoni, namkabidhi kioo achague mwenyewe.

Mchangiaji wa Kigoma, Kibirizi

Langu fupi. Mwanzoni mwa 2024, yale macho mekundu yalipovuma nchini, dada wa bibi harusi alikaa kitini jicho linatoka tongotongo. Nikakataa kumgusa macho, nikampaka lipstiki na poda kwa pamba ya kutupa. Alisema namnyanyapaa. Nyuma yake walikuwa wanangoja watu wanne, na brashi zangu ni hizo hizo.

Mchangiaji wa Kasulu

Nauliza: mteja akiahirisha kwa msiba, advansi mnarudisha? Mimi nimeshaila kwa kununulia vifaa.

Mwanzisha mada

Mimi nasogeza tarehe, fedha inabaki kwangu. Akifuta kabisa kwa msiba namrudishia kidogo kidogo. Ila sijawahi kuwa na uhakika kama ndivyo inavyotakiwa.

Mchangiaji wa Tabora, Ng'ambo

Dada wa Kasulu, lilinikuta. Mama wa bibi harusi alifariki siku tisa kabla ya sendofu. Nilikwenda msibani na advansi yote, 60,000, nikamwekea bibi harusi mkononi wala sikumwambia kitu. Na mimi nilikuwa nimeshaitumia, nilikopa kwa jirani.

Baada ya arobaini kupita alinipigia mwenyewe, harusi imepangwa upya, ndogo, ya nyumbani. Alikuwa na ombi moja: nisimpake maskara wala wanja wa chini, kwa sababu kiti cha mama kitakuwa kitupu na anajijua atalia. Nilimbandikia kope tu, nikasubiri gundi mpaka ikashika. Alilia, na uso ulibaki msafi.