Mrejesho: vidoa vya kutu kwenye jiko la kuchomea nyama

Niliuliza kwa nini jiko langu la nje hapa Kisumu, ambalo ni la chuma kisichoshika kutu, lilikuwa limeota vidoa vya kahawia. Nawashukuru mlionijibu. Chanzo kilikuwa chembe zilizoachwa na waya wa kusugulia sufuria, ambazo hushika kutu zenyewe, huku mikwaruzo ya waya huo ikiharibu utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaolinda chuma. Nilikoroga bekingi soda na maji kidogo hadi ikawa kama uji mzito, nikaipaka, nikaiacha kwa muda, kisha nikasugua kwa kitambaa laini nikifuata mistari ya chuma. Vidoa vikaidi vilitoka kwa siki, nami nikasuuza mara moja.

Wavu wa jiko, ule unaowekewa nyama, ndio ulionitoa jasho, kwa sababu mafuta ya samaki aina ya mbuta (sangara) yaliyoungua hayakulegea ila kwa maji moto na sabuni. Aliyependekeza dawa ya klorini aniwie radhi: klorini hutoboa vishimo kwenye chuma hiki, kwa hiyo sikuigusa. Sasa ninazoa majivu, ambayo hunyonya unyevu, na kulikausha jiko kabisa kabla ya kulifunika kwa turubai.