MREJESHO: Mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine

Wakuu, niliwauliza kuhusu mke wangu, mboni ya kushoto kuwa kubwa kuliko ya kulia, tukiwa tunasubiri tarehe ya daktari bingwa wa macho. Tumeshaonana naye.

Alizima taa, akapima mboni kwa rula ndogo, kisha akawasha akapima tena. Tofauti haikufika milimita 1, na ilibaki ileile gizani na kwenye mwanga. Alipomulika tochi, mboni zote mbili zilisinyaa vizuri. Akaomba picha za zamani. Tukakuza ya harusi kwenye simu, na tofauti ipo tangu enzi hizo! Inaitwa anisokoria ya kawaida, karibu mtu 1 kati ya 5 anayo. Haina dawa wala haihitaji.

Lakini hofu yetu haikuwa ya bure. Mboni ikipanuka ghafla, kope ikalegea, mtu akaona vitu viwili viwili, kichwa au shingo vikauma sana, au ikitokea baada ya kugonga kichwa, msisubiri miadi. Nendeni dharura saa hiyohiyo.

Mlioniambia nimwangalie kope kila asubuhi, asanteni sana. Ushauri huo ndio uliotuwezesha kulala.