Kila nikianza tabia mpya naishia wiki ya pili, naombeni ushauri

Mleta mada

Habari za wakati huu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limenichosha.

Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima. Kwa miaka kama mitano nimekuwa nikihangaika kujijengea tabia tatu tu: mazoezi asubuhi, kusoma kitabu kabla ya kulala, na kulala mapema. Kila mara inakuwa hivi: Jumatatu naanza kwa nguvu zote. Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, nakimbia dakika 45, usiku nasoma kurasa 30. Wiki ya kwanza najiona mtu mpya. Wiki ya pili kazi inazidi, au mtoto anashikwa na homa usiku, naruka siku moja. Hiyo siku moja tu ndiyo inayoangusha kila kitu.

Nina daftari ninaloweka alama ya vema kila siku niliyotimiza. Juzi nililipekua lote. Vema 11 zimefuatana, halafu kurasa nyeupe. Vema 9, kurasa nyeupe. Vema 13, kurasa nyeupe. Kilichoniuma zaidi ni maneno niliyojiandikia pembeni kwa mkono wangu mwenyewe: "mvivu", "huna msimamo". Mwanangu ameanza kujua kusoma. Alilifungua akaniuliza, "Baba, mvivu ni nani?" Nikakosa la kumjibu.

Je, nimekosa nidhamu, au kuna namna ambayo siijui? Na hii habari kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 ina ukweli? Mara moja tu, mwaka juzi, nilizifikisha, nikajua nimeshavuka. Wiki moja baadaye nikawa nimerudi palepale.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu. Nianze na hilo la siku 21 maana limeumiza wengi. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua siku zisizopungua kama 21 kuizoea sura mpya baada ya upasuaji. Yeye alikuwa anaeleza alichokiona kliniki kwake. Watu wakalikata lile neno "zisizopungua", wakaligeuza kuwa sheria ya tabia zote.

Watafiti wa chuo cha UCL, London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja kila mmoja, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Muda wa katikati ulikuwa siku 66 mpaka tendo lianze kujiendesha lenyewe. Kuna ambao ungewachukua siku 18, na kuna ambao ungewafikisha 254. Kwa hiyo siku ya 21 wewe ulikuwa bado njiani, mkuu. Na lingine walilolikuta, ambalo naomba ulishike: kuruka siku moja hakukuharibu safari ya mtu. Wewe siku hiyo moja unaihesabu kama msiba.

Mchangiaji wa pili

Kaka yangu, nimesoma hilo la mtoto na daftari nikatulia kidogo kabla ya kuandika.

Mimi nilipitia hayo nilipokuwa namuuguza mama. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mazoezi, na ghafla nikawa sina hata nusu saa yangu. Nikajaribu kurudia ratiba ya zamani, nikashindwa, nikajaribu tena, nikashindwa. Siku moja nikakaa nikajiuliza: siku ile mbaya kuliko zote, ambayo sijalala na mama ana maumivu, ninaweza kufanya nini ambacho hakitanishinda? Jibu likawa kuvaa viatu vya mazoezi na kutoka nje ya mlango. Basi. Nikaviweka viatu usiku pembeni ya kitanda, kamba zimeshalegezwa, soksi ndani yake. Asubuhi miguu ikishuka inakutana navyo.

Siku nyingi nilitoka, nikasimama kibarazani nikavuta pumzi mara kadhaa, nikarudi ndani. Siku nyingine nilijikuta nimetembea robo saa bila kupanga. Zote mbili niliziwekea vema. Huo ndio ushauri wangu: pima hatua yako kwa siku yako mbaya. Wewe unaipima kwa Jumatatu, siku ambayo una nguvu, halafu unamdai mtu wa Alhamisi aliyekesha na mgonjwa alipe deni la mtu wa Jumatatu.

Pia usiseme "nitasoma usiku". Usiku ni mrefu. Sema, "Nikishapiga mswaki, nafungua kitabu." Kipo juu ya mto, huwezi kulala bila kukishika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu anayepanga mapema atafanya lini na wapi hutimiza zaidi ya anayebaki na nia peke yake.

Mchangiaji wa tatu

Napingana kidogo na dada hapo juu. Nilijaribu hizo hatua ndogo. Nikasoma ukurasa mmoja kila siku miezi sita, na ukabaki ukurasa mmoja. Mtu asipojisukuma hakui.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, hapo umesema kweli, na pengine sikueleza vizuri. Ule ukurasa mmoja ni kiwango cha chini ambacho hushuki chini yake. Juu yake hakuna aliyekuzuia. Tendo likishakuwa linakuja lenyewe bila kubembelezwa, ongeza. Ila kwa huyu kaka ambaye hajawahi kufika hapo, kuongeza kusimtangulie kushika.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni muuguzi. Mkuu, hebu tuhesabu. Unaamka saa kumi na moja. Unalala saa ngapi kwa ukweli? Kama ni saa sita usiku, hizo ni saa tano. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Unaitaka nidhamu kutoka kwa mwili ambao umeudhulumu usingizi, na mtu aliyechoka kila kitu humwia kigumu. Ningekuwa wewe ningeziacha hizo mbili kwanza nishughulike na usingizi peke yake: simu ilale chumba kingine, na kupanda kitandani kusogezwe dakika 15 kila wiki, si saa mbili kwa mpigo. Dakika 45 za kukimbia si lazima pia. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hata kutembea kwa haraka kunahesabika.

Na hayo maneno ya pembeni, tafadhali yaache. Mwaka 2010 watafiti nchini Kanada waliwaangalia wanafunzi walioahirisha kusoma kabla ya mtihani. Waliojisamehe hawakuahirisha kusoma sana kama wenzao kabla ya mtihani uliofuata. Kujitukana hakukupi nguvu, kunakufanya ulikimbie daftari. Ila ukiona huzuni au kukata tamaa kunakaa kila siku zaidi ya wiki mbili, nenda ukamwone mtaalamu wa afya, usibaki nalo peke yako.

Mleta mada

Asanteni sana, nimewasoma wote. Ni kweli, huwa nalala saa sita usiku, wakati mwingine saa saba. Sikuwahi kuihesabu kama tatizo.

Nimeanza na usingizi peke yake. Leo ni siku ya 19. Simu inalala sebuleni, mimi kitandani saa tano na robo. Siku ya 8 na ya 15 nilikosa, kazi zilinifuata nyumbani. Nimeziacha wazi bila kuandika neno lolote pembeni, na kesho yake nikaendelea. Siku ya 16 ndiyo ilikuwa ngumu, mkono ulitaka kuandika.

Lile daftari la zamani nimelitoa. Jipya nimemwachia mwanangu, yeye ndiye anayeweka vema asubuhi. Anauliza kwanza, "Baba, jana ulilala?"

Dada wa viatu, nikuulize: ulijuaje kwamba wakati wa kuongeza umefika?

Mchangiaji wa pili

Kaka, asubuhi moja nilikuta nimeshafika nje, viatu miguuni, na sikumbuki nilivivaa saa ngapi. Wiki ile ndiyo nikaongeza kutembea mpaka mwisho wa barabara. Subiri ya kwako.