Tupeane uzoefu: Uliambiwa una vidonda vya tumbo. Je, ulipimwa nini?

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimeanzisha mada hii kwa sababu katika ukoo wetu peke yake kuna watu wanne wanaosema wana vidonda vya tumbo, na kati yao ni mmoja tu aliyewahi kupimwa. Naomba kila atakayechangia aeleze maumivu yalimwanza vipi, alipimwa kipimo gani, alitumia dawa gani na kwa siku ngapi, na hali yake ikoje sasa. Nitatangulia mimi.

Mimi ni fundi cherehani, ninaishi Morogoro. Mwaka 2019 nilianza kuhisi moto chini ya chembe ya moyo, hasa saa nane au saa tisa za usiku tumbo likiwa tupu. Nikila kipande cha mkate maumivu hutulia, kisha hurudi. Shangazi yangu alinishauri maziwa ya moto, na kweli yalinipoza kwa muda mfupi, lakini baadaye nilielezwa kwamba maziwa huliamsha tumbo litoe asidi zaidi, ndiyo maana moto ulirudi usiku uleule. Nilipochoka kununua vidonge vya kutafuna nilikwenda kwenye zahanati moja, nikatobolewa kidole, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo, yaani Helicobacter pylori, na nikapewa dozi ya siku 14 ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, pamoja na viuavijasumu viwili, amoksilini na klarithromaisini. Dozi ile ni nzito: mdomo ulikuwa na ladha ya chuma kutwa nzima na choo kikawa chepesi, lakini niliimaliza.

Baada ya miezi miwili nilirudi kupima damu ya kidole, nikaambiwa bakteria bado wapo. Nikarudia dozi. Miezi mitatu mbele jibu likawa lilelile, nikarudia kwa mara ya tatu, na kufikia hapo nilikuwa nimekwishaamini kwamba ugonjwa huu hauponi. Daktari wa nne kuniona ndiye aliyenieleza jambo ambalo natamani kila msomaji alishike: kipimo cha damu hakitafuti bakteria wenyewe, bali kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ili kupambana nao, na askari hao huweza kubaki katika damu kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, baada ya bakteria kufa. Aliniagiza niache omeprazoli kwa wiki mbili, nihakikishe umepita mwezi mzima tangu kidonge cha mwisho cha kiuavijasumu, kisha nipeleke choo. Bakteria hawakuonekana. Huenda nilipona tangu dozi ya kwanza, na zile mbili zilizofuata nilizimeza bure.

Hata hivyo maumivu yalikuwapo, ndipo aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mgongo ukiuma kwa kazi ya kuinama, huwa unameza nini? Nilikuwa nikimeza diklofenaki karibu kila jioni, mara nyingi kabla ya chakula. Alinifafanulia kwamba dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo asidi hukutana na nyama tupu. Kula kwanza kunapunguza kero, lakini hakuondoi hatari, kwa kuwa madhara hayo huendelea hata dawa ikishaingia katika damu. Niliziacha, nikatumia omeprazoli kwa wiki nane kwa maelekezo yake, nikabadilisha kiti cha kazini. Tangu hapo ninalala.

Mchangiaji kutoka Mombasa, dereva wa malori

Asante, dada, kwa kufungua mlango huu. Mimi pia niliitwa mgonjwa wa vidonda kwa muda mrefu, kumbe tatizo langu lilikuwa kiungulia cha asidi inayopanda kutoka tumboni hadi kooni. Nikiwa njiani kwenda Malaba nilikuwa nakaa na njaa mchana kutwa, nikifika Mtito Andei saa nne usiku nakula sahani kubwa ya nyama na chapati, kisha napanda kitandani ndani ya lori papo hapo. Saa sita nashtuka kifua kinawaka na maji machungu yako mdomoni. Kwa kuwa maumivu yalikuwa kifuani, daktari alianza kwa kupima moyo, na ninaona alifanya vyema, kwani maumivu ya kifua si ya kukisiwa. Moyo ulipoonekana uko salama alinipa dawa kwa wiki kadhaa, akanitaka nile walau muda wa saa tatu kabla ya kulala na niinue upande wa kichwani wa kitanda. Mto mmoja wa ziada haukunisaidia, kwa sababu ulinikunja tumbo. Kilichonisaidia nyumbani ni matofali mawili chini ya miguu ya kitanda. Nimepunguza pia kilo, na sigara nimeiacha kabisa.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Kwangu lilikuwa tumbo kujaa gesi na kuharisha kila asubuhi, na nilikwishatibiwa amiba mara kadhaa bila kupimwa choo hata mara moja. Niligundua mwenyewe, kwa kuandika kila nilichokula kwa wiki tatu, kwamba siku nisizokunywa chai ya maziwa siharishi. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba watu wazima wengi miili yao haimeng’enyi vizuri sukari iliyomo katika maziwa. Mtindi nakunywa bila shida.

Mchangiaji, tabibu katika kituo cha afya

Naomba niongeze habari ya baba yangu mzazi, maana inaniuma kwamba yalitokea nyumbani kwa mtu wa afya. Mzee alikuwa na maumivu ya magoti, akinunua diklofenaki dukani na kuzimeza pamoja na aspirini, na hakutuambia. Alianza kuchoka, akawa anapumzika mara mbili akienda msikitini, mahali ambapo si mbali. Mama ndiye aliyetaja, tena kwa aibu, kwamba choo cha mzee kimekuwa cheusi kama lami, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kufanya choo kiwe cheusi, lakini mzee hakuwa anavitumia. Ile ilikuwa damu iliyovuja juu, katika tumbo, ikabadilika rangi njiani. Aliongezewa chupa mbili za damu, akafanyiwa kipimo cha mpira wenye kamera, na kidonda kikaonekana.

Wengi wanakiogopa kipimo hicho, kwa hiyo nieleze. Mgonjwa hali chakula tangu usiku, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, hulala kwa ubavu wa kushoto, na mpira mwembamba hupitishwa mdomoni. Kichefuchefu kipo, lakini kwa kawaida kazi huchukua dakika chache. Faida yake ni kwamba daktari anaona kwa macho na anaweza kuchukua kipande kidogo cha nyama akipime.

Kuhusu imani kwamba vidonda huletwa na mawazo: hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka Barry Marshall na Robin Warren walipoonyesha huko Perth, Australia, katika miaka ya 1980, kwamba bakteria ndio chanzo kikubwa. Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na tumbo lake likavimba ndani, na mwaka 2005 wote wawili walipata Tuzo ya Nobeli. Mawazo huzidisha maumivu, sikatai, lakini kumwambia mgonjwa apunguze mawazo bila kumpima ni kumwacha na ugonjwa wake. Na dozi ikishindwa, msirudie dawa zilezile, kwa kuwa baadhi ya bakteria wamekwishazizoea.

Mchangiaji kutoka Tanga

Nami niseme la bawasiri, ingawa tunalionea haya. Lilinianza baada ya kujifungua mtoto wa pili, choo kilikuwa kigumu na damu nyekundu ikawa inaonekana. Nilipimwa kwanza ili kuhakikisha damu haitoki kwingine, kisha nikabadilisha sembe kwa dona, nikaongeza kunde, papai na maji, nikaacha kukaa chooni na simu. Kukalia maji ya uvuguvugu katika beseni kulinipa nafuu kuliko marhamu zote nilizouziwa.

Mchangiaji kutoka Kilimanjaro

Naomba msaada. Mume wangu ana miaka 54, anatumia dawa za vidonda kwa mwaka sasa. Tangu mwezi uliopita nyama na ugali vinamkwama kifuani, anasukuma kwa maji, na suruali zake zinamvuka. Je, abadilishe dawa?

Mchangiaji, tabibu katika kituo cha afya

Dada yangu, asibadilishe dawa. Apelekwe kwenye hospitali yenye kipimo cha kamera wiki hii, asisubiri mwezi uishe. Chakula kukwama pamoja na kupungua uzito ni dalili ambazo lazima umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, litazamwe, kwa sababu saratani ya umio ipo kwa wingi katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Inaweza isiwe hiyo, kwani hata kovu la asidi hubana njia, lakini jibu litapatikana kwa kutazama tu. Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za presha au za kuzuia damu kuganda kama anazo, na umweleze daktari mambo mawili haya kabla ya kutaja neno vidonda: chakula kinakwama, na amepungua.

Mchangiaji kutoka Kilimanjaro

Nashukuru sana. Tumepangiwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Nitarudi kuwaeleza.