Tupeane uzoefu: risasi ya kipenyo cha kati kwa wanyama wakubwa, uliichagua ipi na imekupa nini?

Mfuata Nyayo (mleta mada)

Wakuu, habari za mizunguko. Kuna swali linarudi kila mara kwa wawindaji waliokomaa na .30-06 wao (namba hizi ni majina ya risasi, na huanza na kipenyo chake, kwa inchi au milimita): wanataka kitu kizito zaidi, lakini hawako tayari kubeba zile nene za .416 au .458. Hapo ndipo zinapoingia risasi za kipenyo cha kati, kuanzia .338 (milimita 8.6) hadi .375 (milimita 9.5), na katikati yake .35 Whelen na 9.3x62.

Majedwali ya kasi yamejaa kila mahali, hayo tuyaache. Anayechangia atuambie mnyama alikuwa nani, alisimama vipi, umbali ulikuwaje, na kichwa cha risasi kilikutwa wapi baada ya kuchuna. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Nifungue mimi. Natumia 9.3x62. Ilibuniwa mwaka 1905 na fundi wa bunduki wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya watu waliokuwa wanakwenda kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika na wakihitaji bunduki moja ya kazi zote. Alichofanya Bock ni kutengeneza risasi inayoingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser 98, bila kuhitaji mtambo (sehemu inayoingiza risasi na kuifungia) mrefu wa gharama. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 18.5 na hutoka kwa takriban mita 720 kwa sekunde.

Wengi wakiona hiyo 720 wanakunja uso. Mimi naiona kuwa ndiyo nguvu yake. Pofu dume alisimama kama mita 90, kanipa mgongo kwa pembeni, kichwa anakielekeza vichakani. Nilimpiga nyuma ya ubavu wa mwisho. Alitembea, hakukimbia, akaanguka ndani ya macho yetu. Wakati wa kuchuna tulikikuta kichwa cha risasi chini ya ngozi ya bega la upande wa pili, kimetanuka vizuri na sehemu kubwa ya uzito wake bado ipo. Pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900, na kile kichwa kilipita tumbo lenye nyasi mbichi, ini na pafu kabla ya kusimama. Na nyama ya lile bega haikuharibika, tuliila yote.

Karibuni.

Msasi Mkongwe

Mleta mada, asante kwa kuanza na mnyama badala ya jedwali. Mimi ni mtu wa .375 H&H na sitarajii kubadilika.

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912. Kichwa cha gramu 19.4 kinatoka kwa takriban mita 770 kwa sekunde, yaani nishati ya jouli kama 5,700 mdomoni mwa mtutu. Ganda lake ni refu na linapungua taratibu kuelekea mbele. Vijana huliona la kizamani, lakini umbo hilo ndilo linaloifanya iingie kwenye chemba bila kukwama na itoke bila kung'ang'ania hata bunduki ikiwa imeshinda juani. Kwa sababu bega la ganda limelala sana, waliliwekea mkanda kule nyuma ili risasi ikae mahali pake ndani ya chemba.

Kasoro yake ni urefu. Risasi nzima ni milimita 91, hivyo inataka mtambo mrefu, na bunduki inakuwa nzito. Asiyetaka uzito huo aitazame .375 Ruger ya mwaka 2007: haina mkanda, inaingia kwenye mtambo wa urefu wa .30-06, na nguvu haijapungua.

Sheria nayo haina mjadala. Nchi nyingi za Afrika zimeiweka .375 kuwa kiwango cha chini kabisa kwa wanyama wa hatari, na baadhi zinaikubali 9.3. Namibia wao wanapima kwa nishati: tembo na nyati jouli 5,400, pofu na tandala jouli 2,700. Kwa kipimo hicho 9.3x62 yenye risasi za kawaida, ambayo iko kwenye jouli 4,800 hivi, inatosha na kubaki kwa pofu lakini kwa nyati haifiki. Mtu asome kanuni za anakokwenda kabla ya kununua bunduki. Kugundua uwanjani kwamba kaliba yako hairuhusiwi kunauma.

Sasa kisa. Nyati dume wa peke yake, mita 45, amesimama ubavu kabisa. Moyo wa nyati uko chini kuliko wengi wanavyodhani. Unapandisha shabaha kwa kufuata mguu wa mbele, ukifika theluthi moja ya urefu wa mwili unasimama hapo. Nilipiga kwa kichwa laini kilichoungwa imara, kikavunja mfupa wa bega. Akageuka. Cha pili, kigumu kisichotanuka, nilimpiga akiwa anaondoka, kikaingia pajani na kwenda mbele mpaka kifuani. Tulisubiri, tukasikia ule mlio wake wa mwisho, kisha tukasogea kutokea nyuma na bunduki ziko begani. Risasi hiyo ya pili ndiyo sababu ya mimi kubeba .375. Nyati akishakugeuzia makalio unahitaji kichwa kinachoweza kusafiri urefu wa mwili wake.

Jicho la Tai

Wazee mmeongea. Mimi naiwakilisha .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958.

Gramu 16.2 kwa takriban mita 810 kwa sekunde, na kichwa ni chembamba kwa uzito wake, kwa hiyo kinazama vizuri. Eneo langu ni la miinuko na mabonde, tandala wananiona kabla sijawaona, na mita 200 au 250 ni umbali wa kawaida. Hapo .338 haishuki njiani sana kama 9.3, na sihitaji kubahatisha. Tandala dume mkubwa nilimpata ng'ambo ya korongo, ubavu, risasi ikapita mapafu yote mawili na kutokea. Ilitokea! Damu ilikuwa pande zote mbili za njia na mfuata nyayo wetu alitembea bila kuinama.

Ila inapiga bega. Msukumo wake ni wa ghafla kuliko wa .375, ingawa kwa hesabu .375 ndiyo inayosukuma zaidi.

Binti Msasi

Kaka Jicho la Tai, hapo kwenye bega ndipo nilipokuwa nakusubiri, kwa sababu ndipo mada hii inapoamuliwa na watu hawapasemi.

Msukumo wa .338 ni kama mara moja na nusu ya ule wa .30-06, na .375 iko juu yake. Mwili ukishajua maumivu yanakuja, jicho linafumba na mkono unavuta kabla hujafyatua. Hujui kama unafanya hivyo. Njia ya kujua ni kumwomba mwenzako akuwekee risasi bila wewe kuangalia, mara nyingine aweke ganda tupu la mazoezi. Ukifyatua kwenye ganda tupu na mtutu ukachomoka kwenda chini, umejiona mwenyewe.

Mimi ni mwembamba na nilijaribu bunduki za marafiki kabla ya kuamua. Nikachagua 9.3x62 yenye kitako kilichokatwa kufuata urefu wa mkono wangu na mpira mzuri nyuma. Msukumo wake ni wa kusukuma, hauchomi. Wapo walionishauri nichukue .338 na kuweka kipunguza msukumo kwenye mdomo wa mtutu. Kweli kinapunguza, lakini mlio unarudi pembeni na nyuma, na aliye pembeni yangu ni mfuata nyayo asiye na kinga ya masikio. Siwezi kuharibu masikio ya mtu anayenitafutia mnyama ili bega langu lipone.

Nyumbu, kongoni, palahala, wote wameanguka kwa hiyo 9.3, na mkono wangu umetulia.

Ganda Tupu

.35 Whelen hapa. Ilizaliwa mwaka 1922 kwa kutanua shingo ya ganda la .30-06, na Remington walianza kuiuza dukani mwishoni mwa miaka ya 1980. Najaza risasi mwenyewe, maganda ya .30-06 hayaniishii. Gramu 16.2, vichakani, chini ya mita 150. Ngiri, kongoni, nyumbu. Haina makuu na haijaniangusha. Asiyejaza mwenyewe atapata tabu kuzipata, hilo nalikubali.

Mfuata Nyayo (mleta mada)

Dada Binti Msasi, hiyo ya masikio ya mfuata nyayo nimeichukua kama ilivyo, na nitaisema kila ninapokwenda.

Niongeze la vichwa vya risasi, maana watu wanabishana kaliba na kusahau kinachoingia mwilini. Mwenzangu mmoja alikuwa na .338 nzuri, akaijaza vichwa vyepesi vya kasi vilivyotengenezwa kwa wanyama wadogo. Nyumbu akasimama karibu, kama mita 40, kasi ikiwa bado yote ipo. Kichwa kilipasukia kwenye bega, jeraha pana lisilo na kina. Tulimfuata mpaka jioni ndipo tukammaliza. Bunduki ilikuwa na nguvu za kutosha, kichwa ndicho kilichosambaratika kama donge la udongo mkavu.

Ndilo jambo lililomkuta mwindaji Mmarekani John Nosler miaka ya 1940 kule Kanada, kwa yule kulungu mkubwa kuliko wote (moose): vichwa vya kasi vilishindwa kupenya. Ndipo akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele inatanuka na ya nyuma inaendelea kuzama, na mwaka 1948 akaanza kukiuza. Leo kuna pia vya shaba tupu, na vile ambavyo madini ya risasi ya ndani yameunganishwa na gamba la shaba la nje. Kwa kipenyo cha kati mimi situmii kingine nje ya makundi hayo matatu.

Mgeni wa Nyika

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Swali langu: mbona tunasikia W.D.M. Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo wengi kwa 7x57, risasi ndogo kuliko hizi zote? Na mimi nina .30-06, nalenga tandala na pofu, nyati labda siku za mbele. Ninunue nini?

Msasi Mkongwe

Marahaba mwanangu. Bell alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, alilijua fuvu la tembo ndani nje, na alikuwa anafyatua kila siku kama kazi. Tembo wa wakati wake wengi walikuwa hawajazoea milio ya bunduki, wakamruhusu kusogea na kuchagua pembe. Wewe utapewa dakika moja na pembe mbaya.

Kwa tandala na pofu usinunue chochote sasa. .30-06 yako ina jouli karibu 3,900. Iwekee kichwa cha gramu 13 au 14 cha aina aliyoitaja mleta mada, usipige kwa nyuma, subiri akupe ubavu. Pesa ya bunduki mpya itumie kwenye risasi za mazoezi.

Nyati akishakuwa na tarehe, siyo labda, chukua .375. Usichukue .338, hata ukiipenda, kwa sababu sehemu nyingi hutaruhusiwa kumpiga nyati nayo. Na ukisafiri kwa ndege ujue mashirika huruhusu kilo 5 za risasi kwa msafiri. Zikipotea njiani, za .375 ni rahisi kuzipata karibu kila penye uwindaji wa wanyama wakubwa. Weka darubini ya ukuzaji mdogo, ianzie moja au moja na nusu, maana nyati wa mita 30 kwenye darubini ya ukuzaji mkubwa ni ukuta mweusi tu, huoni bega liko wapi.

Mgeni wa Nyika

Nimeelewa mzee wangu. Mazoezi niyafanyie meza au vipi?

Binti Msasi

Meza ni ya kuweka darubini sawa, basi. Ukishamaliza hapo simama, egemeza bunduki kwenye fimbo tatu, mita 100, risasi tatu. Halafu mita 50 bila fimbo. Piga picha shabaha yako uilete hapa tuione.