Mrejesho: Ukurasa wa kampuni yangu katika LinkedIn

Miezi minne iliyopita niliomba ushauri kwa sababu ukurasa wa kampuni yangu ya uhasibu katika LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara, haukuwa ukipata wasomaji wala wateja, ingawa nilikuwa nikiweka matangazo kila siku. Wengi mlinishauri niache kutangaza na nianze kuelimisha, tena kwa kutumia wasifu wangu binafsi, kwa kuwa watu humwamini mtu kabla ya kuiamini nembo. Nawashukuru kwa dhati, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kwanza nilibadilisha maelezo yaliyo chini ya jina langu. Nafasi hiyo ina herufi 220 tu, nami nilikuwa nimeandika "Mkurugenzi Mtendaji", maneno yasiyomwambia mfanyabiashara nitamsaidia nini. Sasa yanaeleza kwamba ninawasaidia wenye biashara ndogo kupanga hesabu zao mapema kabla ya kulipa kodi. Kisha nikaanza kuandika mara mbili kwa wiki kuhusu kosa moja ninalolikuta mara kwa mara, kama vile kuchanganya fedha za nyumbani na za biashara, na kujibu kila swali siku hiyohiyo. Majibu hayo, kuliko makala zenyewe, ndiyo yaliyozaa mazungumzo ya faragha, na hadi sasa wateja watatu wametia saini mikataba.

Ukurasa wa kampuni sikuufuta, kwa sababu mteja huupitia ili kuhakikisha kwamba tupo kweli. Ujumbe wa mauzo kwa watu nisiowafahamu nimeuacha kabisa, kwani uliwaudhi.