Naombeni ushauri: niipokee kazi ya familia kubwa au yatanikuta ya mchongaji wa Uingereza wa zamani, Alfred Gilbert?

Mchongaji_Ugenini: Habari zenu wakuu. Najifunza uchongaji hapa London. Familia moja yenye jina inataka sanamu ya shaba ya marehemu babu yao, kimo cha mtu mzima. Wanasema nipunguze bei kwa kuwa jina lao litaniletea wateja. Mkataba hakuna. Nimesoma habari za Gilbert nimeingiwa na hofu.

Fundi Kalibu: Hofu yako ina msingi. Gilbert alipendwa na familia ya kifalme. Alipofariki Prince Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, mwaka 1892, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchonga kaburi lake kwenye kasri la Windsor. Wakati huo alikuwa bado anatengeneza chemchemi ya Piccadilly Circus hapa London, ile yenye kijana wa alumini mwenye mbawa na upinde. Ilipozinduliwa 1893 gharama zilikuwa zimepita malipo, akabaki na madeni. 1901 akafilisika, akahamia Bruges, Ubelgiji, kaburi halijaisha.

Dada wa Udongo: Kweli, ila tusiwabebeshe wateja lawama zote. Gilbert alikuwa hatosheki na kazi yake, halafu anapokea nyingine juu yake. Akauza hata nakala za sanamu za watakatifu wa kaburi lile kwa watu wengine, Mfalme Edward VII, babake marehemu, akachukia sana. Kazi yenyewe lakini! Pale kichwani malaika amepiga magoti, ameshika taji juu ya sanamu ya mwanamfalme aliyelala. Alirudi Uingereza 1926, akaimaliza 1928. Miaka thelathini na sita, jamani.

Mchongaji_Ugenini: Kwa hiyo niikatae?

Fundi Kalibu: Usiikatae. Mtazame Boehm, aliyemfundisha Gilbert kazi: mzaliwa wa Vienna, mchongaji rasmi wa Malkia, sura yake ya Malkia ikatumika kwenye sarafu za 1887. Karakana yake ilikuwa na wasaidizi na kazi zilitoka. Wewe anza na karakana ya kusubu, yaani ya kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu, wakupe bei kwa maandishi. Kisha dai malipo kwa mafungu: udongo ukikubaliwa, kalibu ikikamilika, shaba ikikabidhiwa. Punguza ujira wako ukipenda, bei ya shaba usiiguse.

Dada wa Udongo: Na muandikiane nakala ni za nani, na wanaruhusiwa kubadilisha mara ngapi.

Mchongaji_Ugenini: Ahsanteni sana. Nauliza bei ya kusubu kwanza, ndipo niwaandikie. Wakigoma kusaini, siugusi udongo.